Mashine ya Msasa ya Bobini: Tununue Ama Tungoje?

Vikundi vya useremala vya huku kwetu Meru na Embu vikishapata randa, misumeno na drili, swali linalofuata mkutanoni huwa ni moja: tununue mashine gani tena? Siku hizi inatajwa sana ile ya kupiga msasa kwenye mikunjo, inayoitwa mashine ya bobini. Hapa tutaeleza mashine hiyo ni nini, inafaa kazi gani, na mambo ya kuangalia kabla ya kutoa pesa. Pesa za kikundi si za mtu mmoja. Ni za mama aliyeuza majani chai na za kijana aliyebeba magunia sokoni, kwa hiyo tusikimbilie.

MASHINE YENYEWE NI NINI?

Wale wanaoshona wanajua bobini, kile kigurudumu cha uzi ndani ya cherehani. Silinda ya mashine hii imefanana nacho. Mashine ni meza ndogo yenye tundu katikati. Katika tundu hilo kuna mhimili uliosimama wima, umevikwa silinda ya mpira, na juu ya mpira unavishwa msasa ulioviringwa kama mkono wa shati. Mota inazungusha mhimili, na wakati huo huo mhimili unapanda na kushuka.

Huku kupanda na kushuka ndiko mnakolipia. Msasa ukizunguka mahali pamoja tu, unachora mistari kwenye mbao, unapata joto, na mbao inaungua na kuwa nyeusi. Ukipanda na kushuka, joto linapungua, mistari haionekani sana, na msasa unalika pole pole kwa upana badala ya kuisha mkanda mmoja.

Mashine ndogo za kuweka juu ya benchi mara nyingi zina mota ya wati 450 hivi. Huzunguka karibu mara 2,000 kwa dakika, na kupanda na kushuka kama mara 58. Huja na silinda za unene mbalimbali, mara nyingi kuanzia milimita 13 hadi 76.

INAFAA KAZI GANI?

Inafaa mahali palipopinda kuingia ndani: mikono ya sofa, kichwa cha kitanda, mgongo wa kiti, miguu ya meza iliyokatwa kwa urembo. Hapo randa haifiki, na kwa mkono ni kazi ya kuchosha.

Haifai kusawazisha uso wa meza ama mlango. Pia si ya kupunguza mbao nyingi. Kateni kwanza kwa msumeno karibu na alama, mbakishe milimita moja ama mbili, ndipo mlete kwenye msasa. Kama kikundi chenu kinatengeneza milango, madirisha na madawati ya shule tu, ambayo karibu yote ni mistari iliyonyooka, mashine hii italala kwenye kona ikifunikwa gunia.

PIGENI HESABU KWANZA

Chukueni saa. Fundi apige msasa mkono mmoja wa sofa kwa njia mnayotumia sasa, mwandike dakika. Kisha nendeni chuo cha ufundi ama karakana ya jirani yenye mashine hii, muombe kujaribu kipande kama hicho hicho, mwandike tena.

Tutoe mfano wa hesabu tu. Tuseme kwa mkono ni dakika 25, kwa mashine ni dakika 5. Mmeokoa dakika 20. Kama mnatengeneza mikono 40 kwa mwezi, hizo ni dakika 800, yaani saa 13 hivi. Sasa ulizaneni: saa 13 za fundi ni shilingi ngapi? Na je, mna kazi nyingine ya kujaza saa hizo? Kama hakuna oda, muda uliookolewa hauleti pesa.

Stima si gharama kubwa. Mota ya wati 450 ikifanya kazi saa 4 inakula chini kidogo ya yuniti 2. Gharama inayosahaulika ni misasa. Inaisha, na ni ya saizi maalum.

NJIA ZA BEI NDOGO

Kabla ya kununua, jaribuni hizi:

1. Chukueni kipande cha bomba la plastiki chenye unene unaolingana na mkunjo, mkizungushie msasa, mpige kwa mkono. Kwa kikundi chenye oda chache, hii inatosha.

2. Kama mna drili ya kusimama, mnaweza kununua silinda ya msasa ya kufunga kwenye drili. Haipandi wala kushuka yenyewe, kwa hiyo mnaisogeza kwa mkono wa drili. Msisukume mbao kwa nguvu, kwa sababu drili imeumbwa kukandamiza kwenda chini, si kusukumwa kutoka upande. Mkilazimisha, kichwa kinacholegea kinaweza kuchomoka.

Vikundi vitakavyofanya hivyo kwa miezi michache vitajua wazi kama kazi ya mikunjo ipo ama haipo.

MKIAMUA KUNUNUA, ANGALIENI HAYA

Volti. Stima yetu ni volti 240 na hezi 50. Someni kibati cha mashine. Iliyotengenezewa Marekani ni ya volti 120, na ukiichomeka hivi hivi itaungua.

Meza. Wekeni rula juu yake mtazame mwanga chini ya rula. Meza iwe imenyooka na nzito. Halafu simamisheni guniya kando ya silinda kuona kama imesimama wima. Kama meza inainama hadi digrii 45, hakikisheni inarudi na kukaza pale pale.

Mhimili. Washeni mashine dukani. Silinda isiyumbe, na sauti isiwe ya kukwaruza.

Misasa. Ulizeni kama misasa ya saizi hiyo inapatikana Meru mjini ama Embu mjini, au ni mpaka Nairobi. Pimeni urefu na unene, muandike. Mashine nzuri isiyo na misasa ni chuma tu.

Tundu la vumbi. Liwepo, na liweze kufungwa bomba la kuvuta vumbi.

Kwa waya, mashine ndogo hivi haihitaji fyuzi ya ampea 13. Ya 5 inatosha kwa kawaida, lakini fuateni maandishi ya mtengenezaji. Waya mrefu na mwembamba hupunguza nguvu na kuchosha mota.

KUITUMIA NA KUITUNZA

Chagueni silinda kubwa kabisa inayoingia kwenye mkunjo. Silinda ndogo huacha mawimbi. Sukumeni mbao kinyume cha mzunguko, bila kusimama mahali pamoja. Anzeni na msasa namba 80, mmalizie na 120 ama 150.

Mbao zetu hazifanani. Saiprasi na paini zina utomvu unaoziba msasa. Usafisheni kwa kipande cha raba laini ya soli ya kiatu kuukuu, mashine ikizunguka. Muringa na Meru oak husafishika vizuri. Mukima huwasha watu wengine ngozi, kwa hiyo wavae mikono mirefu iliyofungwa kwenye kifundo. Glavu, leso zinazoning'inia na nywele ndefu zisizofungwa zisikaribie silinda.

VUMBI SI JAMBO LA MZAHA

Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao katika orodha ya vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Mashine hii inatoa vumbi laini kuliko msumeno, na lile laini ndilo linaloingia ndani kabisa ya mapafu. Kitambaa kilichofungwa mdomoni hakitoshi. Tumieni barakoa ya vumbi inayobana usoni, fungueni milango, na fagieni baada ya kunyunyiza maji kidogo sakafuni, mbali na mota na swichi. Watoto wasichezee karakana. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inahusu karakana ndogo pia, si viwanda vikubwa tu.

Kwa hiyo bei ya barakoa na ya kuvuta vumbi iwekwe kwenye bajeti pamoja na mashine. Kama pesa hazitoshi vyote, bado hamjafika wakati wa kununua.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika oda za miezi mitatu iliyopita, ngapi zilikuwa na mikunjo?
2. Nani atafunzwa kuitumia, na ufunguo wa karakana utakaa kwa nani?
3. Mwanachama akitaka kuitumia kwa kazi yake binafsi, atalipa ngapi?
4. Pesa za misasa mipya zitatoka wapi kila mwezi?
5. Mashine ikiharibika, nani ataitengeneza?

Andikeni majibu kwenye kitabu cha mikutano, mweke sahihi. Kikundi kikikosa jibu la swali la pili na la tatu, mashine yenyewe italeta ugomvi kabla haijaleta faida. Mkiyajibu yote matano, nendeni dukani bila wasiwasi.