Mtoto Anataka Kuwa Ofisa: Mama Aanzie Wapi?

Tulipomaliza kuhesabu pesa za AVEC Jumamosi, mama mmoja wa upande wa Walikale hakuondoka. Kijana wake amepata diploma ya serikali na anataka kuingia shule ya maofisa. Bwana fulani alimwambia: leta dola mia mbili, nitapeleka jina lake kwa wakubwa. Mama alikuwa amekwisha kuuza mbuzi wawili. Tulimwomba asiuze wa tatu.

Wamama wengi tunaamini hivyo, kwamba bila mtu wa juu mtoto hapiti. Marekani, kijana anayetaka shule ya jeshi ya West Point sharti apendekezwe, mara nyingi na mbunge au seneta wa kwao. Ni sheria yao, na hailipiwi. Kwetu hakuna sheria ya namna hiyo. Katiba yetu, kifungu cha 189, inataka wanajeshi wachaguliwe kwa afya ya mwili, masomo ya kutosha na tabia iliyothibitika, na provensi zote ziwakilishwe kwa haki. Kivu ya Kaskazini imo. Hatusemi watoto wa wakubwa hawapendelewi. Sisi si wageni wa nchi hii. Lakini pesa uliyompa mtu wa njiani haina risiti.

Shule ya maofisa iko Kananga, Kasai ya Kati, mbali sana na sisi. Kuandikisha hutangazwa kwa komunyike, nayo husomwa redioni. Mtoto asikilize mwenyewe, aandike tarehe na mahali pa kujitokeza. Kwa ofisa wanataka diploma ya serikali. Halafu kuna daktari, kuna mitihani. Wasichana nao wanaweza kujitokeza.

Kazi ya mama iko kwenye karatasi. Hapo ndipo watoto wetu wanapoangukia. Wa Masisi wana shida zaidi: mwaka 2023 CENI haikuweza kuandikisha wapiga kura Masisi kwa sababu ya vita, kwa hiyo vijana wengi waliofikia miaka 18 hawana kadi ya mchaguzi, ambayo huku ndiyo kitambulisho chetu. Wengine karatasi zao zimeungua au zimebaki nyumbani siku ya kukimbia. Mtoto huandikwa bure kwa ofisa wa serikali ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Zikipita, ni lazima kupata hukumu ya tribunali, na hiyo huchukua muda. Msingoje komunyike ndipo muanze kutafuta.

Kuna njia nyingine ambayo vijana huiona fupi: porini. Wamekwisha kuona. Mwaka 2009 wapiganaji wa CNDP waliingizwa jeshini, makomanda wao wakapata vyeo, na kijana akajifunza kwamba bunduki hupandisha haraka kuliko masomo. Programu ya P-DDRCS ya mwaka 2021 imekataa kuingiza kundi zima jeshini namna ile. Na kifungu cha 190 cha Katiba kinaita kuunda jeshi la binafsi uhaini mkubwa. Kwa aliye chini ya miaka 18 hakuna mjadala: sheria ya 2009 ya kulinda mtoto inampa anayeandikisha kadogo kifungo cha miaka 10 hadi 20, awe wa kundi au wa jeshi. Usimwongezee mtoto miaka kwenye karatasi ili apokelewe.

Sisi wenyewe katika chama hatukubaliani. Mama mmoja aliyezika wana wawili alisema hatatoa wa tatu kwa yeyote. Hakuna aliyemjibu.

Mama wa Walikale alirudi Jumatatu akiwa amepata kadi ya chanjo ya kijana kwenye kituo cha afya alikozaliwa. Ameifunga ndani ya kitenge, na kesho anaipeleka tribunali.