Remorke ya mahindi: pima kwanza, vuta kisha
Bandugu, mavuno yakiisha Fungurume, mahindi inapita barabara ya taifa namba 39, kuelekea Likasi ao Kolwezi, katikati ya malori ya migodi. Mzigo ukilala nyuma ya remorke, inayumba na kupindua pikapu. Ukizidi mbele, magurudumu ya mbele ya gari yanakuwa mepesi, usukani haushiki muzuri.

Kipimo: ndoano ibebe asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wa remorke yenye mzigo. Kilo 1 000? Basi 100 mpaka 150. Weka ncha yake kwenye mizani ya mifuko.

Ukiwa na vyuma vya kugawa uzito, pima kimo cha mbele ya gari mbele ya kufunga remorke. Funga, kaza minyororo mpaka kimo kirudi karibu na kile cha kwanza. Lakini vyuma haviongezi nguvu ya gari: kilo zikizidi, fanya safari mbili.