Ukitaka Kununua Nyumba, Mwendee Wakili Kabla ya Kutoa Fedha

Fedha ya kununua nyumba haipatikani kwa siku moja. Wengine wameikusanya kwa mawese, wengine kwa dagaa na migebuka, wengine kwa mshahara mdogo wa miaka mingi. Lakini fedha hiyohiyo yaweza kutoka mkononi asubuhi moja tu, kwa karatasi moja yenye muhuri. Kisha mwaka wa pili huja mtu mwingine na karatasi yake, asema nyumba ni yake, na hapo ndipo maneno huanza. Basi leo tuzungumze juu ya wakili: kazi yake ni nini, na achaguliwe namna gani na mtu anayetaka kununua nyumba, kiwanja au shamba katika Kigoma, Ujiji na vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika.

MUHURI PEKE YAKE HAUTOSHI

Wengi hudhani kuwa wakili ni mtu wa muhuri. Hupatana bei, huhesabu fedha, ndipo humwendea jioni awagongee muhuri. Huko ni kuanza kazi mwishoni. Muhuri ule wathibitisha kwamba watu fulani walitia sahihi mbele ya wakili. Hausemi kwamba muuzaji ndiye mwenye nyumba, wala kwamba nyumba haikuwekwa rehani benki, wala kwamba hakuna kesi juu yake. Mambo hayo hujulikana kwa kuchunguza, na uchunguzi ndio kazi kubwa ya wakili. Kwa hiyo mwendee kabla hujatanguliza hata shilingi moja.

ARDHI HIYO NI YA NAMNA GANI?

Kwa sheria ya Tanzania ardhi yote ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Sisi twapata haki ya kuikalia na kuitumia. Sheria mbili za mwaka 1999, yaani Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zinataja mafungu matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi. Wakili mwema ataanza kwa kukuuliza fungu hilo.

Ukinunua mjini kiwanja kilichopimwa chenye hati, wakili atafanya upekuzi kwa Msajili wa Hati. Huko ataona jina la mwenye hati, muda wa hati, na kama kuna rehani au zuio. Hati nyingi hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Uliza miaka mingapi imebaki. Uliza pia kama kodi ya pango la ardhi imelipwa, maana deni la zamani huzuia uhamisho.

Kama kiwanja hakijapimwa, hakuna hati ya kupekua. Hapo kazi ni ya miguu. Hapana budi kuuliza majirani wa pande zote nne, ofisi ya mtaa, na ofisi ya ardhi ya manispaa, ili kujua kama mahali hapo pamepangwa barabara, shule au soko. Mwenyekiti wa mtaa ni shahidi mzuri, maana awajua watu wake. Lakini yeye siye Msajili.

Vijijini, kama Ilagala au Kagunga, mambo ni mengine. Ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji, na mtu hawezi kumwuzia mwingine shamba kwa siri kati ya wawili. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kuuza ardhi ya kijiji bila idhini ya kijiji ni kazi bure. Basi takeni idhini ya halmashauri, iandikwe katika kumbukumbu za kikao, nawe upewe nakala. Usitosheke na neno la mtu mmoja, hata akiwa kiongozi.

Hifadhi haiuzwi. Gombe ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1968, na Mahale tangu mwaka 1985. Tena waangalieni sana wanaowauzia viwanja vya ufukweni. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kudhuru mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Na ziwa lenyewe halisahau njia yake: mwaka 2020 na 2021, na tena mwaka 2024, maji yalipanda yakazifikia nyumba za watu.

ANAYEUZA NI NANI?

Wakili atataka kumwona muuzaji kwa macho, pamoja na kitambulisho chake. Kama muuzaji ana ndoa na nyumba hiyo ndiyo makao ya familia, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yamkataza kuiuza bila ridhaa ya mwenzake. Basi mke au mume aje mwenyewe, aelezwe kwa lugha anayoifahamu, naye atie sahihi. Nyumba iliyouzwa huku mama hana habari imeleta machozi katika nyumba mbili: ya aliyeuza na ya aliyenunua.

Kama mwenye nyumba alifariki, usinunue kwa mtoto mkubwa kwa sababu tu yeye ndiye mkubwa. Anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Wakili na aione barua ya mahakama, ahakikishe kuwa ni ya kweli, tena awaulize warithi wengine.

JINSI YA KUMCHAGUA

Wako watu wanaojiita mawakili nao si mawakili. Mjini huitwa vishoka. Wakili wa kweli ameandikishwa katika orodha ya mawakili, naye ana cheti cha kufanya kazi ambacho hukihuisha kila mwaka. Mwombe akuonyeshe cha mwaka huu. Wala si utovu wa adabu. Mwenye nacho hakasiriki. Waweza pia kuuliza mahakamani, au kwa Chama cha Mawakili Tanganyika, kilichoanzishwa kwa sheria mwaka 1954. Kila hati aliyoiandaa wakili lazima iwe na jina na anwani yake. Karatasi isiyomtaja aliyeiandika, iogope.

La pili, wakili awe wako. Yule aliyeletwa na muuzaji au na dalali ana wa kumtumikia kwanza. Wakili mmoja kwa pande mbili huonekana rahisi kwa gharama, lakini siku ya ugomvi atasimama upande gani?

La tatu, patana ujira mwanzoni, uandikwe, na udai risiti. Ipo Amri ya mwaka 2015 juu ya ujira wa mawakili. Mwulize yakuhusu vipi. Mwulize pia ni kazi zipi zimo katika ujira huo: upekuzi, mkataba, kodi, na uandikishaji. Mwisho wa mapatano ya wengi ni mkataba tu, na uandikishaji hubaki bila mwenyewe.

Asiye na uwezo asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 yaweka njia ya kusaidiwa bila malipo. Ofisi ya maendeleo ya jamii katika halmashauri yenu yaweza kuwaelekeza.

WAJIBU WAKO WEWE

Wakili hafanyi kazi peke yake. Mweleze yote, hata lile unaloliona dogo. Nenda nawe ukaione ardhi, ukanyage mipaka. Omba kila karatasi usomewe, nawe usitie sahihi usipoelewa. Fedha ipitie benki, na sehemu yake ibaki mpaka nyaraka za uhamisho zikamilike. Kisha kodi ya mauzo na ushuru wa stempu vilipwe, na jina lako liandikwe kwa Msajili. Mkataba ulio sandukuni haujakupa hati. Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kama wakili akikudanganya au akila fedha yako, ipo Kamati ya Mawakili inayosikiliza malalamiko, nayo yaweza kumwondoa kazini. Lakini afadhali kuuliza siku mbili kabla, kuliko kushtaki miaka mitano baadaye. Muuzaji akikuharakisha na kusema yupo mwingine anayengoja na fedha mkononi, mwambie amwuzie huyo. Viwanja vingine vipo. Fedha ya watoto wako ni hiyo moja.