Nani alilala wapi: hoteli za Nairobi, mji wa treni

Ndugu zetu wa mgodi, na ninyi ba mama na watoto mnaosomewa gazeti hii mangaribi, leo hatuzungumzi juu ya prime wala juu ya convention. Tunazungumza juu ya hoteli. Musicheke kwanza.

Mwaka juzi sisi wajumbe watatu wa syndicat tulitumwa Nairobi kwa mkutano wa watumishi wa migodi. Mkutano ulikuwa ndani ya hoteli kubwa, lakini falanga tulizopewa hazikutosha hata kitanda kimoja cha pale. Tukaenda kulala River Road, chumba kimoja, vitanda viwili. Kila usiku mmoja wetu alilala chini, tunapokezana. Mwenye nyumba, mzee wa miaka mingi, aliposikia Kiswahili chetu cha Lubumbashi alicheka mpaka machozi, kisha akatuletea chai. Yeye njo alianza kutuelezea mji wake. Kesho yake tukatembea kwa miguu kuona. Mengine tuliyasoma nyuma.

Nairobi ni mtoto wa treni, sawa Lubumbashi. Waingereza walianza kutandika reli Mombasa mu 1896. Walileta watumishi karibu 32,000 kutoka India, na karibu 2,500 walikufa mbele ya njia kufika Kisumu mu 1901. Mu mwezi wa tano 1899 reli ilifika mahali pa bapa, penye maji ambayo Wamasai waliita maji baridi. Mbele kulikuwa milima na bonde kubwa, kwa hiyo mainjinia wakasimama pale, wakajenga gare na depot. Njo mwanzo wa mji. Kwetu treni ilitoka kusini na kufika mu 1910, na shaba ya kwanza iliyeyushwa 1911. Mji wa treni uko hivi: gare inakuja kwanza, kisha kamp ya watumishi, kisha mtu anayeuliza wageni watalala wapi.

Nairobi aliyeuliza hivyo alikuwa mwanamke, Mayence Bent. Mu 1902 alifungua hoteli Stanley, vyumba vichache juu ya duka, mu Victoria Street. Tunapenda sana habari ya magodoro yake. Kijana mmoja Myahudi, Abraham Block, alikuwa amefika 1903 bila kitu mkononi. Aliona hoteli haina magodoro, akakata majani, akayakausha, akayashona ndani ya nguo, akauza. Yule mshona magodoro mu 1927 akanunua hoteli Norfolk yote, na nyuma akapata hata Stanley. Hoteli ya kwanza iliungua 1905, Mama Bent akaanza tena mahali pengine. Ile Victoria Street leo inaitwa Tom Mboya Street, jina la mtu wa syndicat kama sisi, aliyeongoza shirikisho la vyama vya watumishi vya Kenya, akauawa kwa risasi mu 1969. Tulisimama pale kidogo. Watu walitusukuma, kila mtu ana haraka.

Norfolk yenyewe ilifunguliwa mwezi wa kumi na mbili 1904. Bazungu wenye mashamba walikuwa wanakunywa pale barazani, na baraza hiyo njo sababu tunaandika.

Nyuma ya vita ya kwanza, kila mwanaume mweusi wa Kenya alilazimishwa kuvaa kipande, karatasi ya kazi ndani ya kisanduku cha chuma, shingoni. Mu 1921 mabwana wa mashamba wakakata mshahara kwa theluthi moja, na kodi ilikuwa imepanda. Kijana wa telefone ya serikali, Harry Thuku, akaanza kukusanya watu. Mu mwezi wa tatu 1922 wakamfunga. Watumishi wa Nairobi wakaacha kazi: maboi wa nyumba, wapishi, watu wa hoteli, wakaenda kukaa mbele ya polisi, hatua chache tu kutoka Norfolk. Tarehe 16 wakubwa wao wakaanza kusema turudi nyumbani. Hapo mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, akasimama, akapandisha nguo yake, akawaambia wanaume wachukue nguo hiyo wampe yeye suruali. Watu wakasogea. Polisi wakapiga risasi. Na walioshuhudia walisema kwamba hata bazungu waliokuwa barazani Norfolk walipiga bunduki zao kutoka pale walipokaa. Nyanjiru alikufa. Serikali ilihesabu wafu 21, wengine walihesabu kupita hapo.

Barabara inayopita mbele ya Norfolk leo inaitwa Harry Thuku Road.

Wazee wetu hawahitaji kuelezwa hii habari ni ya namna gani. Tarehe 9 Desemba 1941, hapa Lubumbashi, watumishi wa mgodi walioacha kazi walikusanywa kwenye uwanja wa mpira, wakaomba mshahara, askari wakapiga. Léonard Mpoyi aliyesema kwa jina lao alikufa pale. Hatukujua, mbele ya kwenda, kwamba Kenya nayo iko na siku yake.

Sasa, wale wasio bazungu walilala wapi? Watumishi wa treni walilala kwenye landi, kamp ya Muthurwa, chumba kimoja watu wengi. Wengine walienda Pangani na Pumwani. Kule wanawake walikuwa wamejenga nyumba zao wenyewe kwa falanga zao, wakapangisha vyumba, wakauza chai na maji ya kuoga na chakula cha moto. Kwetu tungesema njo hoteli ya kweli ya mji ule, kwa sababu bila wao hakuna mtumishi angeamka na nguvu ya kupakia treni. Hakuna anayewapigia picha. Ndani ya Stanley na Norfolk mtu mweusi aliingia kwa miaka mingi akibeba sahani tu.

Yaliyofuata tuyapite upesi. Bomu ilipasuka Norfolk usiku wa mwisho wa 1980 na watu wakakufa. Hilton ilifunguliwa 1969, ikafungwa mwisho wa 2022. Treni mpya ya Mombasa, tangu 2017, haifiki tena katikati ya mji, inasimama mbali kule Syokimau, na mzee wetu wa River Road analalamika kwamba wageni wake wamepungua.

Tulipokuwa tunaondoka kwenye mkutano, kijana aliyekuwa anatupa kahawa alituvuta pembeni. Aliona badge zetu. Alituambia yuko journalier pale kwa miaka sita, kila mwezi karatasi mpya. Tulimpa namba ya wenzetu wa syndicat ya hoteli. Hatujasikia tena.

Na hapa nyumbani? Mazungumzo yetu ya convention yanafanyika ndani ya salle ya hoteli, wajumbe wa patron wanalala juu, wanashuka kwa ascenseur wameoga. Wenzetu wa Kolwezi wanashuka kwenye gari ya usiku na vumbi lao, wanaketi, na saa kumi na moja ya mangaribi mtu aliyesinzia anaombwa atie sahihi. Mara ya mwisho mmoja alitia, na kipengele cha posho ya watoto kikapotea bila yeye kukiona. Hatumhukumu. Alikuwa hajalala siku mbili.

Tangu hapo mama mmoja mjane wa commune Kenya, Kenya yetu, anatupangishia vyumba viwili ndani ya parcelle yake. Kuna maji, kuna moskitikero, kuna bukari saa moja. Tumemlipa miezi miwili mbele kutoka kwa cotisation. Session inayofuata inaanza siku ya kwanza ya juma, na wajumbe wa Kolwezi watafika ijumaa.