Simu ikisema mgomba ni mzima, ilifanyia mtihani wapi?

Wengi wakisikia kompyuta inayojifunza wanadhani ni mambo ya Marekani tu. Kumbe hapa hapa Tengeru, kwenye Chuo cha Nelson Mandela (NM-AIST), watafiti Neema Mduma na Judith Leo walitoa mwaka 2023 picha 16,092 za majani na mashina ya migomba: mizima, yenye sigatoka nyeusi na yenye mnyauko fuzari. Zipo wazi mtandaoni, unazishusha unaifundishia kompyuta yako.

Programu ya kufundishia nayo ni ya bure. TensorFlow ya Google ni programu huria tangu Novemba 2015. Unaipa picha na jina la ugonjwa, inabahatisha, inakosea, inajirekebisha, hivyo hivyo maelfu ya mara. Hiyo sehemu siku hizi wala haitishi.

Kazi ipo kwenye kupima. Lazima utenge picha ambazo kompyuta haijawahi kuziona, na hapo ndo wengi wanaingizwa mjini! Mgomba mmoja ukipigwa picha tano, tatu zikaenda darasani na mbili kwenye mtihani, mtihani umevuja huo bwana. Itafaulu kwa mbwembwe, halafu ikifika shamba la jirani inaduwaa. Bora ugawe kwa mashamba, la darasani lisionekane kabisa kwenye mtihani.

Na hata hapo bado. Amanda Ramcharan na wenzake waliweka programu ya kutambua magonjwa ya mihogo kwenye simu, wakaipima shambani hapa Tanzania kwenye vijani 720 (vile vidole vya jani la muhogo). Matokeo yalitoka 2019: hata kwa ugonjwa unaoonekana wazi, alama zilishuka kwa asilimia 32, maana programu ilikuwa inapita vijani vyenye ugonjwa bila kuvitambua. Nawapongeza kwa kuyatangaza, wangeweza kukaa kimya.

Sasa hamishia hilo kwenye mgomba wa mchare huku Meru. Mchare unashikwa na mnyauko fuzari, na ugonjwa huo unasafiri na machipukizi. Simu ikisema "mzima", mzee anang'oa chipukizi anampa jirani, na kile kimelea kikishaingia kwenye udongo kinakaa miaka na miaka.

Wadau wa Usa River na Tengeru, kuna aliyewahi kujaribu programu hizi shambani? Ilisemaje?