Makala Iliyokataliwa Mara Tatu, na Hesabu ya Nyufa za Ndege

Januari 1961 jarida dogo la Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, lilichapa makala ya kurasa sita kuhusu namna nyufa zinavyokua ndani ya metali. Jarida lenyewe liliitwa The Trend in Engineering, chombo cha chuo ambacho watafiti wa Ulaya hawakuwa na sababu kubwa ya kukisaka. Waandishi walikuwa Paul Paris, Mario Gomez na William Anderson. Walifika huko baada ya majarida matatu makubwa kuikataa kazi yao. Leo ratiba za kukagua nyufa kwenye mabawa na viwiliwili vya ndege hukokotolewa kwa hesabu iliyozaliwa katika kurasa hizo, na wahandisi wa mabomba ya gesi na madaraja ya chuma wanaitumia pia.

Vyuoni kisa hiki husimuliwa kama hadithi ya kijana mwerevu na wazee wasioona mbali. Mimi nadhani wazee walikuwa na hoja. Lililoamua mambo hatimaye ni majedwali ya watu wengine, yaliyokuwa yamechapwa zamani na kusahaulika makabatini.

Tuanze na tatizo lenyewe. Waya wa kufungia nondo huwezi kuukata kwa kuuvuta kwa mikono, lakini ukiukunja na kuukunjua mara kadhaa unakatika. Metali yoyote inayobeba mzigo unaorudiwa-rudiwa inaweza kuvunjika kwa mkazo ambao, ukija mara moja, hauidhuru hata kidogo. Huu ndio uchovu wa metali. Mjerumani August Wöhler, mhandisi wa reli, aliuchunguza kwenye ekseli za mabehewa katika miaka ya 1850 na 1860, akachapisha majedwali yake. Kwa karibu miaka 100 baada yake, waliomfuata walikuwa wakiuliza swali lile lile: kwa mkazo wa kiasi hiki, kipande kitavumilia mizunguko mingapi kabla ya kuvunjika?

Swali hilo lina mtego, na ndege ya abiria ya Comet ndiyo iliyouonyesha. Mwaka 1954 Comet mbili zilipasuka angani juu ya Bahari ya Mediterania, moja mwezi Januari karibu na kisiwa cha Elba, nyingine Aprili karibu na Naples. Wahandisi wa Farnborough, Uingereza, walichukua ndege nzima ya aina hiyo wakazamisha kiwiliwili chake kwenye tangi la maji, wakawa wanajaza na kupunguza shinikizo ndani ya kiwiliwili kana kwamba inapaa na kutua. Ikapasuka kuanzia kwenye kona ya dirisha, baada ya mizunguko iliyozidi 3,000 kidogo, ukijumlisha na safari ilizokuwa imekwisha kuruka. Lakini kabla ya ajali hizo, kiwanda kilikuwa kimejaribu kipande cha kiwiliwili, nacho kilivumilia zaidi ya mizunguko 16,000. Hakuna aliyedanganya. Kipande kile kilikuwa kimewahi kutumika katika jaribio jingine, kikajazwa shinikizo kubwa kupita lile la safarini. Kwenye kona za madirisha metali ilinyooka kidogo na isirudi, na shinikizo lilipoondolewa, kona hizo zikabaki zimebanwa na metali iliyozizunguka. Ufa huchelewa sana mahali palipobanwa. Jaribio la nguvu lilikuwa limekitibu kipande cha jaribio la uchovu, na ndege za abiria hazikupata tiba hiyo.

Kwa hiyo namba 16,000 ilikuwa sahihi kabisa, kwa kipande kile. Kilichokosekana ni kuuliza kipande hicho kimepitia nini.

Paris na wenzake waliacha kuuliza kipande kitavunjika lini. Waliuliza ufa ambao tayari upo unasogea kiasi gani kila mzigo unapopita. Msingi ulikuwa umewekwa. Mwingereza A. A. Griffith, katika makala yake ya 1921 iliyotokana na majaribio ya kioo, alionyesha kwamba kinachotawala kuvunjika ni nyufa ndogo zilizomo tayari. Mmarekani George Irwin, mwaka 1957, akapata njia ya kueleza kwa namba moja ukali wa mkazo kwenye ncha ya ufa, namba inayounganisha ukubwa wa mzigo na urefu wa ufa. Paris alisema kwamba namba hiyo ndiyo inayoamua kasi: nyufa mbili zenye maumbo tofauti, katika vipande tofauti, zitasogea sawa mradi mabadiliko ya ukali huo yawe sawa.

Wahakiki wakapinga. Namba ya Irwin inakokotolewa kwa kudhani metali inanyooka na kurudi kama mpira. Kwenye ncha ya ufa hali si hiyo. Pale metali imekwisha kulegea na kubadilika umbo moja kwa moja, na huko kubadilika ndiko uchovu wenyewe. Kitu kinachohesabiwa kwa kudhani hakuna kulegea kitatawala vipi tukio la kulegea? Ningekuwa mhakiki mwaka 1960, pengine ningeandika hivyo hivyo. Jibu ni kwamba eneo lililolegea ni dogo mno na limezungukwa pande zote na metali ambayo bado ni nzima, na metali hiyo ndiyo inayoliamuru linyooke kiasi gani. Lakini hilo ni jibu la mdomo, na kwa mdomo mjadala ungeendelea mpaka leo.

Mwaka 1963 Paris alichapisha makala nyingine pamoja na Fazil Erdogan, safari hii katika jarida la chama cha wahandisi mitambo wa Marekani. Wakati huo zilikuwepo kanuni kadhaa za ukuaji wa nyufa, kila moja na mwenyewe, na kila mwenyewe alikuwa na grafu inayoonyesha kanuni yake inakubaliana na majaribio yake. Wawili hao hawakuvunja vipande vipya ili kuwashinda wenzao. Walikusanya vipimo vilivyokwisha kuchapishwa kutoka maabara mbalimbali, hasa vya aloi za alumini za ndege, wakaviweka kwenye grafu moja. Ndipo ikaonekana kwamba kanuni zinazopingana zinaweza zote kukubaliana na nukta chache za eneo dogo. Ukipanua eneo, kutoka ufa unaotambaa mpaka ufa unaokimbia, nyingi zinaachana na nukta. Iliyobaki ikipita katikati yake ni ile inayosema kasi ya ufa hupanda kwa kipeo cha nne cha mabadiliko ya ukali wa mkazo.

Kipeo cha nne maana yake nini? Mkazo ukiwa mara mbili, ufa unasogea mara 16 zaidi kwa kila mzunguko. Majaribio ya baadaye yameonyesha kwamba kipeo hutofautiana, na kwa metali nyingi kiko kati ya 2 na 4, lakini hata kwa kipeo cha 3 ni mara nane. Ndiyo sababu lori lililozidisha mzigo huliumiza daraja la chuma kupita uwiano wa tani zilizozidi.

Ushindi wa 1963 ulitegemea watu ambao hawakuwa na habari na Paris. Kama wangechapisha wastani tu, au mstari uliochorwa bila nukta, au nukta bila kutaja unene wa bamba na urefu wa ufa, makala ile isingeandikika. Kwa hiyo nikipewa makala ya kuhakiki, muhtasari nauruka kwanza. Naenda sehemu ya mbinu, ile ambayo wanafunzi huiandika usiku wa mwisho. Metali imetoka kiwandani ikiwa katika hali gani, imekatwa kwa kufuata mwelekeo wa kuviringishwa bamba au kuukata, na uso umesuguliwa vipi? Mzigo ulishuka mpaka sifuri au uliishia nusu njia? Hewa ya chumba ilikuwa na unyevu kiasi gani, maana ufa katika alumini hukua haraka zaidi kwenye hewa yenye unyevu kuliko kwenye hewa kavu, na vipimo vya maabara kavu ya bara havifai kuhamishiwa pwani bila kuuliza.

Kisha natafuta vipande vilivyogoma kuvunjika. Katika jaribio la uchovu mashine huzimwa baada ya, tuseme, mizunguko milioni kumi. Kipande kilicho kizima mpaka hapo huwekewa mshale mdogo kwenye grafu kuonyesha kwamba safari yake haikuisha. Mishale hiyo hupotea. Mwandishi anaona inachafua mchoro, au haingii kwenye hesabu ya wastani, basi anaiacha. Bila mishale, msomaji hajui kama mstari umekaa katikati ya ukweli au umekaa juu ya vilivyovunjika tu.

Kuna tatizo jingine linalonichosha zaidi, kwa sababu ni la ukarani. Kanuni ya Paris ina namba mbili, kipeo na kizidisho, na vipimo vya kizidisho hubadilika kila kipeo kinapobadilika. Makala ya Kimarekani inaweza kukitoa kwa pauni na inchi, ya Kijapani kwa megapaskali na mita, nyingine ikachanganya mita na milimita kwenye mstari mmoja. Anayenakili namba bila kubadilisha vipimo atapata jibu linaloonekana la kawaida kabisa. Grafu nazo huchorwa kwa mizani ya logi, ambayo ina huruma kupita kiasi: matokeo yaliyoachana mara mbili au tatu yanaonekana kama ndugu wamekaa benchi moja.

Kanuni yenyewe ina mipaka, na mipaka hiyo nayo ilijulikana kwa kuchapishwa. Mwaka 1970 Wolf Elber alieleza kwamba kuta za ufa hugusana kabla mzigo haujaisha, kwa sababu ufa huacha nyuma yake metali iliyonyooka isiyorudi. Sehemu ya mzigo inapotea kufungua ufa tu. Hilo linasaidia kueleza kwa nini mzigo mmoja mkubwa hupunguza kasi ya ufa, jambo lenye undugu na lile la Comet. Miaka mitano baadaye S. Pearson alionyesha kwamba nyufa fupi sana katika aloi za alumini hukua haraka kuliko nyufa ndefu zinavyotabiri. Hiyo ni habari mbaya, maana kila ufa mrefu uliwahi kuwa mfupi.

Tarehe 22 Desemba 1969 ndege ya kivita ya F-111 ilipoteza bawa huko Nevada, ikiwa na takribani saa 100 tu za kuruka. Ufa ulikuwepo tangu kiwandani, kwenye kiungo cha chuma kinachoshika bawa, na ukaguzi haukuuona. Baada ya hapo Jeshi la Anga la Marekani liliweka sharti jipya: mbunifu achukulie kwamba ufa upo tangu siku ya kwanza, wa ukubwa ambao mkaguzi angeweza kuukosa, kisha akokotoe utachukua muda gani kufikia ukubwa wa hatari. Ukaguzi uje mapema kuliko muda huo. Hesabu ni ya Paris, na namba zinazoingizwa humo zinatoka kwenye majaribio ya watu kama wale waliotoa nukta za 1963.

Sasa hali ile ya matokeo yanayopingana inajirudia kwenye titani inayochapwa kwa leza, tabaka juu ya tabaka, kutoka kwenye unga. Aloi inayotumika sana ina asilimia 6 ya alumini na asilimia 4 ya vanadi, na inaingia kwenye ndege na kwenye viungo bandia vya nyonga. Makala moja inasema ina nguvu sawa na titani iliyofuliwa au zaidi. Nyingine inasema inachoka mapema mno. Zote zinaweza kuwa kweli. Ya kwanza ilivuta kipande mara moja. Ya pili iliacha uso usio laini kama ulivyotoka mashineni, na tundu dogo la hewa karibu na uso likawa mwanzo wa ufa. Makala isiyotoa picha ya mahali ufa ulipoanzia, ukubwa wa tundu, na mwelekeo wa tabaka ukilinganishwa na nguvu ya kuvuta, haijanieleza kitu ninachoweza kukitumia.

Tatizo ni kwamba muhtasari mara nyingi husomwa bure, huku jedwali likiwa nyuma ya malipo. Na jarida likiwa wazi kwa wasomaji, bili huenda kwa mwandishi. Wachapishaji wengi hupunguza bili hiyo kwa kutazama orodha ya mapato ya Benki ya Dunia, na Tanzania ilipopanda mwaka 2020 kuingia kipato cha kati cha chini, baadhi ya misamaha kamili ikawa ya nusu. Hapo ndipo majarida ya vyuo vyetu, kama lile la uhandisi na teknolojia la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yanaponivutia kuliko yanavyosifiwa.

Chukua mfano wa nondo: nyingi zinazotengenezwa Afrika Mashariki hutokana na chuma chakavu. Chakavu huja na shaba, kutoka kwenye nyaya na mota, na shaba haiondoki kwenye tanuri kama uchafu mwingine. Hubaki, na ikizidi huleta nyufa za uso wakati nondo inaviringishwa ikiwa ya moto. Jarida kubwa la Ulaya litasema hakuna jipya hapo, na kwa vigezo vyake ni kweli. Lakini mbunifu wa daraja la hapa anahitaji jedwali la nondo hizo, kundi kwa kundi la uzalishaji: kipenyo, kiasi cha shaba, mkazo wa kulegea, kurefuka kabla ya kukatika, mizunguko mpaka kuvunjika, na mishale yote ya vipande vilivyogoma.