Hatimiliki moja, majina mawili: Yakupasayo kujua kabla ya kununua ardhi pamoja na jirani

KUNUNUA shamba au ploti kwa kuchanga fedha na jirani ni jambo la kawaida katika kaunti za Kericho na Bomet. Hata hivyo, sheria ya Kenya haiwatazami wanunuzi hao jinsi wengi wao wanavyodhani.

Majirani wawili huona kipande cha ardhi kilicho katikati ya mashamba yao kikiuzwa. Hakuna anayeweza kukilipia peke yake, na wote wawili wanahofia kitaangukia mikononi mwa mtu wasiyemjua. Wanachanga, wanalipa na kupewa hatimiliki moja yenye majina mawili. Miaka kadhaa baadaye mmoja wao anafariki au anaingia katika madeni, na hapo ndipo swali ambalo halikuulizwa siku ya kununua linapozuka: Je, nani ana nini?

Yafaa kwanza kutofautisha aina za umiliki zilizopo katika eneo hili la majani chai. Mashamba makubwa yaliyoanzishwa na kampuni za kigeni tangu miaka ya 1920 hushikiliwa kwa kukodishwa. Kifungu cha 65 cha Katiba ya 2010 kinasema kuwa mtu asiye raia wa Kenya hawezi kumiliki ardhi ila kwa kukodishwa, na kwa muda usiozidi miaka 99.

Mashamba mengi ya wakulima wadogo, kwa upande mwingine, ni ya umiliki wa kudumu, yaani usio na kikomo cha miaka. Katika miji kama vile Kericho, ploti nyingi ni za kukodishwa kutoka kwa serikali. Kwa hivyo mnunuzi asitosheke na neno la muuzaji, bali atafute rekodi rasmi katika ofisi ya usajili wa ardhi. Humo ataona aina ya umiliki, jina la mmiliki, na iwapo ardhi imewekwa rehani au kuzuiliwa na mahakama.

Umiliki wa aina mbili

Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inatambua njia mbili ambazo kwazo watu wawili au zaidi wanaweza kumiliki ardhi moja.

Ya kwanza ni umiliki wa pamoja usiogawika. Hapa hakuna mwenye fungu lake, na hakuna uamuzi wa kuuza au kuweka rehani unaoweza kufanywa bila wote kukubaliana. Mmoja akifariki, haki yake humwendea aliyebaki hai, wala si watoto wa marehemu.

Ya pili ni umiliki wa hisa. Ardhi haijakatwa mipaka, lakini kila mmoja ana fungu lake linalojulikana, kwa mfano nusu kwa nusu. Mmoja akifariki, hisa yake inahesabiwa kuwa sehemu ya mali yake na kurithiwa kwa mujibu wa Sheria ya Urithi.

Jambo ambalo wengi hawalifahamu ni kwamba tangu sheria hiyo ilipoanza kutumika mwaka wa 2012, umiliki wa pamoja usiogawika umeachiwa wanandoa peke yao, isipokuwa kwa idhini ya mahakama. Majirani, marafiki au hata ndugu wakijiandikisha kwa njia hiyo bila idhini, sheria itawachukulia kuwa wamiliki wa hisa.

Hii ni kinga kwa familia. Mjane wa mnunuzi hawezi kuambiwa kuwa shamba lote sasa ni la jirani aliyebaki. Ila kinga hiyo inategemea hisa ziwe zimeandikwa. Sheria inataka hati ya kuhamisha ardhi na usajili wenyewe uonyeshe fungu la kila mmoja.

Tuchukue mfano wa shamba la Sh3 milioni. Jirani mmoja akitoa Sh1.8 milioni na mwenzake Sh1.2 milioni, mchango wao ni asilimia 60 kwa 40. Wakiandikisha nusu kwa nusu kwa sababu ya kuoneana haya, aliyetoa zaidi atakuwa na kibarua kigumu kuthibitisha ukweli baadaye, hasa ikiwa mwenzake hayupo tena. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Wenye hatimiliki za zamani nao wasilale. Kabla ya 2012, sheria iliwaruhusu hata watu wasio wanandoa kusajiliwa kama wamiliki wa pamoja usiogawika. Aliye na hati ya aina hiyo pamoja na ndugu au jirani anaweza, kwa makubaliano, kuomba umiliki huo utenganishwe kuwa wa hisa. Utengano hukamilika unaposajiliwa.

Idhini ya bodi

Katika jamii ya Wakipsigis, mapatano ya majirani mara nyingi hufanyika mbele ya wazee wa kokwet. Desturi hiyo ina thamani yake, kwani mashahidi ni watu wanaoishi pamoja na wahusika. Lakini Sheria ya Mikataba inadai kuwa mkataba wa kuuza ardhi uandikwe, utiwe sahihi na wahusika wote na ushuhudiwe.

Isitoshe, ardhi ya kilimo ina sharti jingine. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, mauzo yake hayana nguvu bila idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi ya eneo husika, na ombi linafaa kuwasilishwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba ulipofanywa. Mwaka wa 2018 Mahakama ya Rufaa iliamua kuwa kukosa idhini hiyo hakumzuii jaji kumtendea haki mnunuzi aliyelipa na kukabidhiwa ardhi. Hata hivyo, kufika hapo ni kupitia kesi ndefu na ya gharama, ilhali idhini hupatikana kwa kuhudhuria kikao cha bodi.

Ikiwa muuzaji ana mke au mume, idhini ya mwenzi wake pia itafutwe. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inazuia mali ya wanandoa wa ndoa ya mke mmoja kuuzwa au kuwekwa rehani bila idhini ya wote wawili. Baada ya hayo kuna ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 2 ya thamani ya ardhi ya mashambani na asilimia 4 kwa ardhi ya mjini. Wanunuzi wakubaliane mapema jinsi watakavyougawana.

Majani chai na bonasi

Shamba la chai lina utata wake. Malipo ya kila mwezi na bonasi ya mwaka huenda kwa mkulima ambaye nambari yake imesajiliwa katika kiwanda, kiwe ni Litein, Kapkatet, Mogogosiek au Kapkoros. Kiwanda hakigawanyi fedha kwa kutazama majina yaliyo katika hatimiliki.

Kwa hivyo wanaonunua shamba lenye michai wanapaswa kuandika ni nambari ya nani itakayotumika, nani atalipia mbolea na wachumaji, na bonasi itagawanywa lini na kwa kiwango gani. Wengine huona heri kugawana mistari ya michai, kila mmoja achume upande wake. Mpango huo unafaa, ila wajue kuwa haubadilishi hatimiliki. Mbele ya sheria shamba bado ni moja.

Wenye nyumba za ghorofa

Mjini, hali ni tofauti kidogo. Majirani wawili wanaoishi katika jengo moja la ghorofa wanaweza kutaka kununua pamoja ardhi iliyo chini ya jengo hilo. Wakijiandikisha kama wamiliki wa hisa pekee, kila mmoja atakuwa na fungu katika jengo zima, na hakuna hati itakayosema kuwa nyumba ya juu ni ya huyu na ya chini ni ya yule.

Njia bora zaidi imo katika Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2020, iliyochukua mahali pa ile ya 1987. Kupitia kwayo, mpimaji ardhi huandaa ramani ya jengo inayosajiliwa, na kila mwenye nyumba hupata hati yake mwenyewe. Ngazi, paa, ua na maegesho humilikiwa na wote kwa hisa. Shirika la wamiliki huundwa ili kusimamia matengenezo, bima na michango. Sheria hiyo inahusu ardhi ya umiliki wa kudumu au iliyokodishwa ambayo imebakisha angalau miaka 21.

Mkitaka kutengana

Mwenye hisa haruhusiwi kuiuzia mtu wa nje bila idhini ya maandishi ya mwenzake. Naye mwenzake hawezi kuinyima idhini hiyo bila sababu ya maana.

Wakishindwa kuendelea pamoja, wanaweza kumwomba Msajili wa Ardhi agawanye shamba. Hata mmoja peke yake anaweza kuwasilisha ombi hilo bila ridhaa ya mwenzake. Kila mmoja kupata hatimiliki yake katika ardhi ya kilimo kunahitaji tena idhini ya bodi, ambayo hutazama iwapo mgawanyo utapunguza uzalishaji. Kipande kikiwa kidogo mno kiasi cha kutogawika, mahakama inaweza kuamuru kiuzwe na fedha zigawanywe kulingana na hisa. Mizozo ya namna hii husikilizwa na Mahakama ya Mazingira na Ardhi, iliyo na kituo mjini Kericho.

Ili kuepuka hayo, wakili aandike makubaliano ya wanunuzi wenyewe, mbali na mkataba wao na muuzaji. Yaonyeshe mchango na hisa ya kila mmoja, matumizi ya ardhi, ugavi wa mapato na gharama, na jinsi mmoja atakavyomlipa mwenzake akitaka kujiondoa. Kila familia ibaki na nakala yake, na wake, waume na watoto waliofikia umri waelezwe yaliyomo wakati wanunuzi wote wawili wangali hai.